Alichokijua Mfinyanzi wa Fumba

Mwaka 1911 mwanamke mmoja mfinyanzi aliihama Fumba akaja kukaa mjini. Jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa, na jina hilo peke yake linaeleza wazee wake walikuwa ngazi gani katika Unguja ya wakati ule. Kabla ya kuhama alikuwa akija na kurudi kwa miguu, vyungu kichwani, kilomita zipatazo 20 kutoka ncha ile ya kusini magharibi ya kisiwa hadi vichochoro vya Mji Mkongwe. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1928 alipanda meli pamoja na wapigaji wake wakaenda Bombay kurekodi santuri, na kwa santuri hizo sauti yake ikaingia majumbani kwa watu wa pwani ambao hawakupata kumtia machoni.

Huyo ndiye Siti binti Saad. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipotafuta jina la jarida lake kililiita Sauti ya Siti. Wengi wakimtaja husifu koo lake. Mimi, ambaye kazi yangu kwa miaka mingi ni kuwafundisha watumishi wa afya, mabwana shamba na watu wa miradi namna ya kuzungumza na wananchi, namsifu kwa jambo jingine. Naamini kisiwa chetu hakijapata mwalimu wa mawasiliano aliyemshinda, na naamini alianza kuyajua aliyoyajua siku zile za kuchuuza vyungu.

Mtazame mchuuzi wa vyungu mlangoni. Anabisha hodi. Adabu tuliyolelewa nayo ni hodi tatu. Usipoitikiwa, geuka uende zako. Akiitikiwa karibu haanzi na bei. Anasalimu, anauliza hali ya mwenye nyumba, ya watoto, ya mgonjwa aliyemwacha kitandani wiki iliyopita. Ndipo anautua mzigo. Mwenye nyumba anakichukua chungu, anakishika kwa mkono mmoja, anakigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Chungu kizima hulia. Chenye ufa, hata ufa usioonekana kwa jicho, hutoa mlio uliokufa. Hakuna maneno ya mchuuzi yanayoweza kuushinda mlio ule.

Salamu zetu ni kile kidole. Mgeni huziona ndefu na kudhani tunapoteza wakati: hujambo, sijambo, habari za huko, nzuri, nyumbani hawajambo, hawajambo, za tangu juzi, salama. Majibu yote ni mema, hata kwa aliyefiwa jana. Lakini msikilizaji hasikilizi neno "nzuri", anasikiliza mlio wake. "Nzuri" iliyovutwa kidogo, "nzuri" iliyotolewa huku jicho likitazama chini, humwambia kwamba ndani mna jambo na leo si siku ya kudai deni. Profesa Saida Yahya-Othman, mwanaisimu aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizifanyia salamu hizi uchunguzi wa kina katika miaka ya 1990, na ni faraja kwangu kwamba suala ambalo wengine huliona la bibi na babu alilipa uzito wa kitaaluma. Mtu anayeruka salamu akaingia moja kwa moja kwenye ajenda amenunua chungu bila kukigonga.

Turudi kwa Siti. Taarabu aliyoikuta mjini ilikuwa ya Kiarabu kwa kiasi kikubwa. Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza muziki ule ili aje aupige katika jumba la kifalme, na kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kiliimba kwa lugha hiyohiyo. Siti naye alijifunza kuimba kwa Kiarabu, na alikimudu. Ila kilichomfanya awe Siti ni kuimba kwa Kiswahili cha watu wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, juu ya mambo waliyoyaona Ng'ambo wenyewe: hukumu za mahakamani, wakubwa waliodhulumu, wanawake waliodanganywa. Chukua kisa cha Kijiti, ambacho alikiimba na kimebaki mpaka leo. Mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam aliuawa Unguja, na mtu aliyetajwa kwa mauaji hayo akavuka bahari. Siti hakuwa na haja ya kueleza nani ni nani wala wapi ni wapi. Waliokaa kumsikiliza walishaujadili mkasa ule barazani usiku kucha. Alichowapa ni maneno yao wenyewe yaliyopangwa vizuri kuliko walivyoweza kuyapanga wao.

Hapo ndipo ninapopaona pa msingi, na ningetamani kila anayesimama mbele ya watu apaone. Ujumbe si mzigo unaoutoa kwako ukaufikisha kwa mwenzako ukiwa vilevile. Mwaka 1948 Claude Shannon, mhandisi wa maabara za Bell huko Marekani, aliandika nadharia yake maarufu ya mawasiliano: kuna anayetuma, kuna njia, kuna kelele za njiani, kuna anayepokea. Ni nadharia ya simu, na kwa simu ilifanya makubwa. Balaa ni pale tulipoichukua tukaitumia kwa watu. Tangu hapo ofisi zetu zimejaa watu wanaohesabu kilichotumwa: mabango mangapi yamebandikwa, vipeperushi vingapi vimegawiwa, mikutano mingapi imefanyika. Ripoti inapendeza. Aliyepokea amejenga nini kichwani mwake, hilo halina safu kwenye jedwali.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa wavuvi katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini. Ofisa aliyekuja, ambaye simtaji wala simtaji aliyemtuma, alikuwa kijana msomi na mwenye nia njema kabisa. Alisimama chini ya mwembe na karatasi zake akasema kwa dakika 40. Nakumbuka maneno kama "usimamizi shirikishi wa rasilimali", "uwezeshaji wa jamii" na "matumizi endelevu". Kila alipomaliza fungu aliuliza, "Tuko pamoja?" Watu wakaitika, "Tuko pamoja." Mwisho aliuliza kama kuna swali. Halikuwepo. Akashukuru, akapanda gari, akaondoka akiwa na furaha.

Vumbi la gari lilikuwa halijatulia mzee mmoja alipojisogeza karibu yangu kwenye shina la mwembe.

"Mwanangu, hebu nambie. Bahari wanaifunga au hawaifungi?"

"Hawaifungi, mzee wangu. Wanaomba mwamba mmoja upumzishwe miezi mitatu, pweza wapate kukua."

Akanyamaza kidogo. "Basi si angesema hivyo."

"Na nyinyi mbona hamkumuuliza?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto asiyefunzwa. "Mgeni tena? Tumuaibishe mbele za watu?"

Nimeirejea jioni ile darasani mara nyingi kuliko kitabu chochote. "Tuko pamoja" ya wale wavuvi haikuwa ya uongo. Ilikuwa na maana yake: tunakusikia, tunakuheshimu, umekuja kwetu hatutakuvunjia uso. "Naam" ya kwetu humaanisha nimekusikia unaniita. "Inshallah" humaanisha mengi, kuanzia ahadi ya dhati mpaka kukataa kwa upole, na anayeijua sauti huyatofautisha bila taabu. "Tutazungumza" aghlabu ni hapana. "Haina neno" inaweza kuwa na neno zito sana ndani yake. Ofisa alipokea adabu akaiandika kuwa ni maafikiano, na kosa ni lake kuliko la wavuvi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuja na haja.

Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yake iliyochapishwa mwaka 1975, alisema watu wanapozungumza hutegemeana kwa mambo manne: useme kweli, useme kwa kiasi kinachotosha, useme linalohusika, na useme waziwazi. Kanuni hizi hufundishwa kila chuo, na mimi mwenyewe nazifundisha. Lakini mwaka uliofuata, 1976, mwanaanthropolojia Elinor Ochs Keenan alichapisha aliyoyaona kijijini Madagascar, jirani zetu wa bahari moja. Huko mtu akiulizwa, mara nyingi hatoi habari yote anayoijua. Habari mpya ni adimu na ina heshima yake, na anayeitoa hubeba dhamana ya yatakayotokea baadaye. Kuisoma makala ile Unguja ni kama kusoma barua iliyotoka kwa shangazi. Nasi hufanya vivyo hivyo. Ukimuuliza mtu wa Fumba fulani yuko wapi, atakwambia "katoka", na katoka ni katoka. Kwenda wapi na nani, hilo mpaka akujue wewe ni nani na unamtakia nini. Sidhani kama huko ni kuvunja kanuni za Grice. Ni kuongeza kanuni aliyoisahau, kwamba kabla ya neno kupimwa ukweli wake, watu hupima kwanza usalama wake.

Neno moja lina hadithi yake, nalo ni haramu. Sheria na matangazo yetu husema "uvuvi haramu" kwa juya, baruti na nyavu za matundu madogo. Kwa ofisa maana yake ni uvuvi uliokatazwa na sheria. Kwa mvuvi anayeswali swala tano, haramu ni neno la Mwenyezi Mungu: riba, nguruwe, mali ya yatima. Anaposikia wavu aliorithi kwa baba yake unaitwa haramu na mtu aliyeshuka kwenye gari, halafu kesho anasikia kibali kimetolewa kwa mwingine, neno linapoteza nguvu, na anayelisema anapoteza zaidi. Kule Pemba, kwenye kisiwa cha Misali kilichofanywa hifadhi mwaka 1998, walikwenda kwa njia nyingine. Shirika la CARE na taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya Uingereza, IFEES, waliwashirikisha viongozi wa dini, na maongezi yakaanzia kwenye Qur'ani: binadamu ni khalifa juu ya ardhi, haruhusiwi kufanya ufisadi ndani yake, na viumbe wa baharini ni amana. Baruti ikazungumzwa kama israfu na uharibifu wa alichokiumba Mola, na wavuvi waliokuwa wakizipuuza amri za serikali wakasikiliza. Makatazo yalikuwa yaleyale. Tofauti ni kwamba safari hii yaliwafikia kwa njia waliyozoea kuipita kila siku, kutoka kwenye mimbari, kwa mtu wanayemwamini, na kwa maana ileile ya haramu wanayoijua wao.

Najua nitaulizwa: kama watu wetu wanapenda kusitiri maneno, basi si tuache kila kitu kwenye mafumbo? Swali zuri, na jina la Fumba lenyewe linanikumbusha kitenzi. Sidai kujua mji ule ulipataje jina lake. Lakini kufumba tunakujua: kufumba macho, kufumba mkono, kufumba maneno. Na kufumbua tunakujua. Waliosema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, walikuwa wakieleza masharti ya kazi: fumbo linafaa pale tu msikilizaji anapokuwa na ufunguo. Kanga ni mfano ulio wazi. Ile sentensi iliyoandikwa chini ya mji wake tunaiita jina. Zamani iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, siku hizi kwa za Kilatini, na bado inafanya kazi ileile. Mwanamke anaivaa siku anayopita mbele ya mlango fulani. Anayeambiwa anajua kaambiwa. Wapitao njia wanaona nguo. Na akiulizwa, aliyeivaa ana haki ya kusema kanunua kwa sababu rangi imempendeza. Wote wawili wamelindwa: ugomvi umesemwa bila kuwa ugomvi, na mlango wa kupatana haujafungwa. Profesa Saida ameandika kuhusu hili pia. Kwangu kanga ni chombo cha mawasiliano chenye akili kupita vingi tunavyovinunua kwa fedha za kigeni.

Ila kuna siku fumbo ni hatari. Mgonjwa anayeambiwa ameze dawa "kama kawaida" amefumbiwa, na atakayelipa ni figo lake. Mjamzito anayeambiwa "ukiona dalili uje" amefumbiwa, kwani dalili zipi? Mwambie: ukiona damu, ukivimba uso na mikono, ukiumwa kichwa hata macho yakaona kiza, njoo saa hiyohiyo, usingoje asubuhi. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikitaja kwa jina, ikasema kilipo na kinakoelekea, na vyombo vya abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja vikasimamishwa. Hakuna aliyehitaji kugangua kitu. Mwenye ngalawa alivuta ngalawa yake juu. Hekima yote ya mzungumzaji ipo kwenye kutofautisha siku ya kanga na siku ya kimbunga, na naona tumeigeuza: tunafumba penye maradhi na kufumbua penye aibu za watu. Fungua kundi lolote la WhatsApp la mtaani uone siri za ndoa ya mtu zinavyosambazwa kwa sauti kamili, wakati tangazo la chanjo limeandikwa kwa Kiswahili kinachohitaji mfasiri.

Yapo mazungumzo yanayohitaji yote mawili kwa mpango. Zanzibar ilipata muafaka mwaka 1999 chini ya usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, ikapata mwingine wa vyama vya CCM na CUF mwaka 2001 baada ya damu iliyomwagika Januari mwaka huo, na wa pili nao haukudumu. Kisha tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walikutana Ikulu ya Zanzibar, Wazanzibari wawili, bila msuluhishi wa kuja. Walifumba kwanza. Baadaye jambo lilifumbuliwa mbele ya umma likawa swali moja la kujibiwa ndiyo au hapana, na tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Yaliyofuata miaka ya mbele yana historia yake ndefu. Lakini anayetaka kujifunza mpangilio wa mazungumzo magumu, asome miezi ile tisa: faragha ya wawili ili kila mmoja aweze kulegeza bila kuvunjika uso, halafu swali lililo wazi kwa wote ili asiwepo wa kusema hakushirikishwa.

Na Fumba ya leo? Barabara ya vyungu ya Siti imekuwa ya lami. Eneo huru la uchumi lililotengwa huko tangu miaka ya 1990 limezaa viwanda, na upande wa Nyamanzi umeota mji mpya wa maghorofa. Ghuba ya Menai, eneo la hifadhi tangu mwaka 1997, inapitiwa na majahazi ya watalii, na kinamama wa Bweleo hufanya kazi za mikono kwa makombe ya bahari. Kwenye njia moja sasa hupishana mhandisi wa Ulaya, kibarua wa Mwanza, mwenye nyumba wa Muscat aliyerudi kwa wazee wake, na bibi anayekwenda kuvua chaza maji yakitoka. Mabango makubwa ya njiani yameandikwa Kiingereza. Bibi yule hupita chini yake kila siku. Ardhi inayozungumzwa kwenye mabango ni ile alimokuwa akichanja kuni, na hakuna herufi hata moja inayomwambia yeye. Hili linaniuma, nalisema wazi. Mji unaojengwa pale alipozaliwa mwanamke aliyekifanya Kiswahili kisikike mpaka Bombay haufai kumnyamazia mjukuu wake.

Basi ombi langu ni kwa wote mnaokwenda kuzungumza na watu wa Fumba, Bweleo, Dimani na Kombeni: wahandisi, madaktari, mabwana samaki, watu wa ardhi. Safari ijayo acheni karatasi ndani ya gari. Fikeni saa moja kabla, mkae barazani, msalimu na msalimiwe. Mkishasema lenu msiulize "mmefahamu?" wala "tuko pamoja?", kwa sababu jibu lake mnalijua. Mgeukieni mtu mzima mmoja kwa heshima zake mumwambie: "Bi mkubwa, nikitoka hapa mumeo atakuuliza nilikuja kusema nini. Utamwambiaje?" Kisha nyamazeni mumsikilize mpaka mwisho. Akikosea, msimsahihishe yeye. Semeni upya.